Kipande cha Kumi na Moja

Cha kwanza kilipasuka jeki ikiwa nusu ya safari.
Tk. Sauti ndogo, kama mtu anayevunja kijiti
ili kuwashia jiko.
Nikaandika kwa chaki: 1, ufa, mzizi wa mshono.

Njombe, mwezi wa saba. Sakitu imelala juu ya viazi
na ukungu unapita chini ya mlango wa karakana
bila hodi, kama shemeji.

Tanki ni la maziwa. Ushirika wa wafugaji umeshalipa nusu.
Mkaguzi anakuja Ijumaa, naye hasikilizi maelezo;
hutazama mgongo wa kipande kilichopindwa
kama daktari anavyotazama ulimi.

Cha pili, tk. Cha tatu.
Fundi Nyagawa akasema, "Tulalumba, mkono wako una haraka."
Nikapunguza mwendo. Cha nne kikapasuka polepole.
Akasema umeme ni mdogo; nikaongeza, na cha tano
kikatoboka hata kabla ya kupindwa.
Akasema brashi. Kweli, brashi ile
ilikuwa imesugua geti la chuma la kanisa wiki nzima.
Nikanunua mpya, nikaifunga utepe mwekundu,
nikaapa: atakayeigusisha chuma nitamlehemu vidole.
Cha sita, tk.

Usiku nikakikata kwa msumeno, nikakipiga msasa
hadi kikang'aa, nikakiweka chini ya taa.
Vitundu. Vitundu vidogo vidogo ndani ya mshono,
kama andazi lililoumuka vizuri.
Alumini ikiwa uji hunywa unyevu wowote inaoukuta;
ikiganda hushindwa kuutema.
Maji, basi. Lakini ya wapi?
Gesi mpya. Waya nimeufungua jana.
Nikaizunguka karakana kama mwenye nyumba anayetafuta panya,
nikalikuta birika.

Birika langu. Kila alfajiri nalibandika mimi,
pale pale kando ya mabamba, tupate joto na chai,
nalo linafuka, linafuka,
na mvuke unakwenda kulala juu ya kitu baridi kuliko vyote.
Niliona aibu, nikacheka peke yangu.

Cha saba nilikipasha moto, nikakifuta kwa asetoni,
birika likiwa uani.
Kikapinda, kikapinda, nikaanza kupumua,
tk.
Mwembamba kama unywele. Bado ni ufa.

Ni Mwalongo, mlinzi, mtu asiyewahi kuvaa miwani ya kulehemu,
aliyeuliza mbona tunakipindia kwenye pini ile ile
ya kupindia vyuma.
Nyagawa akafungua daftari la vipimo, akasoma, akalifunga.
Akalifungua tena.
Alumini yetu ilitaka pini nene, kona pana.
Siku nne tulikuwa tunamhukumu huyu
kwa sheria ya mwenzake.

Cha nane na cha tisa vilipinda hadi ncha zikatazamana.
Cha kumi kilipasuka. Sijui kwa nini.
Cha kumi na moja kimo mfukoni mwa koti langu,
mgongo laini, hauna hata mkwaruzo.

Kesho Ijumaa. Mwalongo ananung'unika
kwamba chai ya uani inapoa kabla sukari haijayeyuka.
Napitisha kidole gumba juu ya mshono,
napitisha tena,
na cha kumi kiko mezani, mdomo wazi, kinanitazama.