Theluji ya Julai

Waliileta kwa lori, theluji,
mwezi wa saba, jua limesimama juu ya Penhollow
kama mdai mlangoni.
Mifuko mia mbili ya karatasi iliyosagwa,
povu ndani ya mapipa, na blanketi nyeupe za pamba
wakazitandika juu ya nyasi za Lorne Haskett,
aliyezikata jana yake kwa heshima ya wageni.
Miti ilikataa. Ilibaki kijani.
Wakaivika shuka.

Orval akasema: dola mia na ishirini kwa siku,
na chakula juu. Twende tukapite.

Maana kazi yenyewe ilikuwa hiyo, kupita.
Uvae koti, skafu, glavu za sufu,
upite nyuma ya wapendanao
kama mtu mwenye kwao.
Mimi nilipewa boksi la zawadi lenye utepe,
ndani hamna kitu; nalipeleka kwa nani, sikuambiwa.
Orval alipewa msonobari.
"Ubebe begani," akasema kijana mwenye redio ya mkononi,
"kama unampelekea mkeo."
"Mke wangu ndiye yule, mwenye boksi."
Kijana akatazama karatasi yake.
"Leo hamjuani."

Hadithi unaijua hata kama hukuiona:
wakili amerudi kutoka jijini kuuza duka la mikate la mama yake,
visigino vyake vinazama kwenye theluji;
kuna mwanamume wa shati la drafti, amefiwa na mke,
ana mtoto mwenye akili kupita umri
na shamba la misonobari lisilo na deni.
Watakosana dakika ya sitini.
Watabusiana dakika ya themanini na nne
na hapo, si kabla, itaanguka kutoka juu.
Katikati, magodoro na dawa ya kiungulia.

Binti wa watu alikuwa na barafu ya kweli,
vifurushi vinne, mgongoni, chini ya koti,
asije akazimia.
Mara kumi na moja walibusiana.
Mara kumi na moja mbwa alitoa ulimi nje,
mbwa hajui kuigiza Desemba.
Mara kumi na moja Orval alipita na mti wake
na mimi na boksi langu, hatujuani,
ila mara ya tisa, tulipokaribiana,
alinikonyeza.
Nikacheka. Wakaanza upya.

Alikufa Machi iliyofuata.
Theluji ilikuwa bado ipo, marundo nyuma ya kanisa,
nyeusi kwa moshi wa magari, isiyofaa picha.
Kaburi lilisubiri mpaka Mei;
ardhi ilikuwa chuma.

Kila Desemba Darlene hunipigia kutoka Calgary.
"Mama, upuuzi huo tena? Filamu zote hizo ni moja."
Ni moja, kweli.
Na Baba Yetu je, tumeibadilisha lini?

Dakika ya themanini na tatu naacha kiti,
napiga magoti zuliani, pua karibu na kioo.
Wanabusiana. Wananiziba.
Natazama pale penye upenyo,
kati ya sikio la yule na kofia ya huyu:
anatokea kushoto, msonobari begani, sekunde nne,
mzima, mnene, paji linang'aa.
Watu wa Manitoba watadhani ni theluji inayomyeyukia.
Ni jasho, jamani. Ni jasho la mume wangu.
Kisha kutoka kulia anakuja mwanamke na boksi,
anakanyaga kwa uangalifu kama limejaa mayai.
Mgeukie, namwambia, mpumbavu wee, mgeukie.
Hageuki. Ameambiwa hawajuani.
Wanapishana.

Ile ya tisa waliitupa, nadhani.

Majina yanapanda mbio,
la mpishi, la dereva, la mwenye mbwa.
Letu halimo.
Halafu magodoro:
nusu bei, wiki hii tu,
kitanda cha watu wawili.