Mtondogoo

Kamusi ya fundi Thembo inaanzia M.
A mpaka L zilichukuliwa na mto Nyamwamba
usiku ule maji yaliposhuka na mawe makubwa kama ng'ombe,
yakaingia dukani bila hodi,
yakabeba vitambaa, pasi ya makaa,
cherehani moja kati ya mbili
na nusu ya lugha.

Amani ilikwenda. Bahati ilikwenda.
Hata deni, anasema Thembo,
deni nalo lilikwenda, basi msinidai.

Kila asubuhi, kabla hajatia cherehani mafuta,
anafunua kurasa zilizovimba kama maandazi,
anachagua neno asilolijua,
analiandika mlangoni kwa chaki ya kukatia nguo.
Sisi wa Kasese Kiswahili chetu ni cha sokoni,
cha malori ya saruji,
cha wanunuzi wanaovuka Mpondwe:
bei gani, punguza, ongeza, haya twende.
Kwa hiyo tunasimama,
mimi na gunia langu la chumvi ya Katwe,
kijana wa bodaboda, mama wa mihogo,
tunasoma kwa sauti, tunakosea, tunarudia.

Siku moja ilikuwa nyangenyange.
Kumbe ndiye yule mweupe
tunayemwona kila siku mgongoni mwa ng'ombe,
na hatujawahi kumwita.
Siku nyingine, utusitusi: nuru hafifu.
Hilo sikuhitaji kuelezwa.
Ndilo jiko langu.

Sasa, sare ya mwanangu Biira niliahidiwa kesho.
Kesho ya fundi mnaijua.
Nimeifuata tangu shule zifunguliwe,
nikifika imeshahama.

Ndipo Alhamisi nikakuta mlangoni:
MTONDOGOO.
Thembo akahesabu kwa vidole vyenye alama za sindano:
kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo.
Siku ya nne kutoka leo.
Akanitazama, hakucheka.
"Mama Biira, sare yako ni mtondogoo."

Nilitaka kukasirika. Gunia lilikuwa zito.
Lakini njia nzima nililitafuna neno lile
kama mtu aliyepewa muwa.
Nimeambiwa subiri na daktari, na mwenye nyumba,
na baba yake Biira kwenye simu kutoka Beni,
wote wakininyooshea mkono kuelekea mbele, huko, huko.
Hakuna aliyewahi kunipa siku yenye jina.

Usiku Biira akauliza, katikati ya utusitusi,
"Baada ya mtondogoo kunaitwaje?"
Sikujua.
Nikamwambia lala, bado hatujafika.

Jumatatu nilikwenda mapema.
Sare ilikuwepo, imepigwa pasi, inaning'inia.
Kifungo kimoja hakipo.
"Hicho," akasema Thembo, "njoo kesho."

"Kesho ni ya K, fundi.
Ilikwenda na maji."

Akacheka mpaka sindano ikamdondoka mdomoni.
Halafu akaketi, akaanza kutafuta uzi.