Benchi Lenye Mgongo

Kanisani Igombe palikuwa na mabenchi ya aina mbili:
matano ya mbele yalikuwa na mgongo,
kwenye mengine mgongo ulikuwa wako mwenyewe.
Hakuna aliyeiandika sheria hiyo ukutani.
Ilikaa tu, kama jiwe lilivyokaa juu ya jiwe
ufukoni kwetu, wala mtu haulizi nani alilipandisha.

Baba, Katekista Gaspari Lugembe,
aliyapangusa yale matano kila Jumamosi
kwa kitambaa na mafuta ya taa.
Mimi nilishika kopo.

Mwaka ule pamba ilikubali.
Kaka yangu Shilinde, mwenye darasa la nane na kimya kingi,
alisimama nyuma ya mzigo wetu kwenye gulio la kampuni,
akausoma mshale: ratili sitini na mbili.
Bwana Pembroke akatamka, karani akaandika:
arobaini na tisa.
Kaka hakupiga mtu. Hakutukana.
Alisoma tena, kwa sauti,
kama anayesoma somo la kwanza siku ya Jumapili,
na foleni nzima ikageuza shingo kutazama mshale.

Usiku kulabu ya mizani ikapotea.
Asubuhi askari wakaikuta chini ya kitanda cha kaka.
Msimu ule nyumba yetu ilikuwa na nyuzi za pamba
hadi kwenye chumvi,
hadi kwenye kope za mama.
Kulabu ile ilikuja safi.

Padre Willem akafika na baiskeli yake.
"Akiri tu, Gaspari. Viboko vinane,
atarudi kabla ya palizi."
Baba alikesha magotini.
Alfajiri akaenda mahabusu, akamwambia mwanawe:
"Kiri. Mungu anajua."
Kaka akamtazama kupitia nondo.
"Kwamba Mungu anajua, najua, baba.
Nilitaka ujue wewe."

Akakiri.
Wakampa miezi kumi na minane, Butimba.

Siku ya tatu akaja Jivraj wa dukani,
kwa mlango wa nyuma, na kifurushi cha sukari.
"Hata mimi," akanong'ona, "nilisoma sitini na mbili."
Mama akakipima kifurushi kiganjani,
akamrudishia.
Jioni ile tulikunywa uji mkavu, hakuna aliyenung'unika.

Jumapili ya Matawi baba alipiga kengele kama kawaida.
Akawasha mishumaa. Akalipangusa benchi la kwanza,
akalipangusa la pili,

akaketi.

Kofia magotini, kitambaa bado mkononi,
ubavuni mwa mke wa Bwana Shauri.
Yule mama akasogea kidogo.
Kama alimpisha au alimkimbia, mpaka leo sijui.
Padre alisimama na kitabu wazi,
ukurasa haugeuki,
na tukalisikia ziwa, jinsi lilivyo mbali na pale.
Ndipo mama aliponishika mkono.
Tulipita katikati ya watu wote tunaowajua.
Nilikuwa na miaka saba.
Ubao uliponigusa mgongoni nilishtuka,
nikadhani kuna mtu nyuma yangu
amenishika.

Jumamosi iliyofuata mtu mwingine alipewa kitambaa.

Kaka alirudi akiwa amekonda, hakusimulia.
Miaka ikapita hivyo; yeye na baba
walisalimiana kama majirani wenye mpaka.
Kisha nikajifungua mwanangu wa kwanza,
nikamweka mikononi mwa kaka.
Alimpandisha, akamshusha taratibu,
midomo ikicheza bila sauti.
Baba alikuwa kizingitini na daftari lake kuukuu la ubatizo.
Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba maji:
"Ngapi, Shilinde?"

Kaka akataja.
Baba akaandika vilevile.