Mita Kumi na Nane za Waya

Muuzaji wa Zona Franca alikuwa na ndevu za wiki moja
na imani ya miaka elfu.
Akaniwekea mezani ruta yenye antena nane,
nyeusi, imekaa kama kaa aliyepinduliwa,
taa zake zikibadili rangi bila kuulizwa.
"Hii," akasema, "ndiyo ya wachezaji."
Nikageuza kibandiko cha bei. Nikakilaza kifudifudi.

Mimi ni mchomeleaji. Hapa bandarini Punta Arenas
najua chuma kinavyoshikana na chuma;
mawimbi yasiyoonekana siyajui.
Nilichokijua ni kilio cha Ivka
saa nne za usiku, mlango umefungwa:
"Nimeganda! Nimeganda tena!"
na mimi, mpumbavu, siku ya kwanza
nikamwendea na blanketi.

Nikamwuliza mwenye ndevu swali moja:
inapenya bati?
Akanyamaza. Akazitazama antena nane
kama mtu anayehesabu watoto wake sokoni.

Maana nyumba yetu aliijenga baba, Jerko,
mwaka ambao upepo ulimnyang'anya paa mara mbili.
Mara ya tatu akaapa:
akatia bati nje, akatia bati ndani,
katikati akashindilia magazeti na sufu ya kondoo.
Upepo ukabisha hodi hadi ukachoka.
Hakujua, marehemu, kwamba anamjengea mjukuu
mkebe wa dagaa.

Nikarudi mikono mitupu.
Nikashika simu, nikatembea chumba hadi chumba
nikihesabu vile vijistari vya mtandao.
Sebuleni vinne.
Karibu na jiko la kuni, viwili;
chuma kile kinameza kila kitu isipokuwa moshi.
Kizingitini mwa Ivka kimoja, chenye haya,
kinachungulia na kutoweka.

Masikio yake yalikuwa yamezibwa, hakunisikia.
Akasema, "Tonko, nifunike kushoto."

Tonko!
Kifunguamimba wangu, aliye mgodini Calama,
kaskazini kule ambako mvua ni hadithi,
ambaye akinipigia husema "niko salama, baba"
na kukata.
Sasa anacheka. Kicheko kinafika vipande vipande
kama sahani iliyodondoka ngazini.
"Lakini unakula?" Ivka anamwuliza, bunduki zikilia.
"Nakula. Angalia nyuma yako."
Nikasimama pale mpaka mguu ukafa ganzi.

Asubuhi nikamrudia mwenye ndevu.
Nikachukua ruta ya antena mbili, isiyo na taa za harusi,
ila inajua kuutanguliza mchezo
mbele ya tamthilia za mke wangu
(hilo sijamwambia),
na waya, mita kumi na nane.
"Waya?" akashangaa, kana kwamba nimeomba punda.
Wingi wa pembe, nikamjibu, si wingi wa maziwa.

Jumapili nikashika keekee.
Bati la baba likapiga yowe
kama kitu kilichoshikwa usingizini.
Tundu moja, unene wa kidole cha mtoto.
Magazeti yakanitemea vumbi
na kipande cha bei ya kondoo, mwaka umechanika.
Nikapitisha waya. Nikaziba kwa sufu ileile.

"Milisekunde arobaini!" Ivka akapiga kelele. Jana zilikuwa mia tatu.
Nikamwuliza lini zitakuwa sifuri.
"Baba, nchi yenyewe ni ndefu," akasema,
macho kwenye kioo, bila huzuni yoyote.

Usiku akanivalisha vile vya masikioni, akanipa kiti.
Nikasema, "Tonko."
Nikaanza kuhesabu, moja,
"Baba? Ni wewe? Inama! Umesimama peupe!"
Nikainama kweli, mwili mzima,
kipaji cha uso kikagonga meza,
na huko Calama mtu akacheka
bila kukatika.