Inama Kwanza

Duka la Feza, Mwanga, mkabala na fundi saa,
lina kioo kimoja, kimepasuka pembeni,
na mikufu imening'inia misumarini
kama mvua iliyosita kufika chini.
"Chagua," anasema, "shingo yako ndefu,
kila kitu kitakukaa."
Huwaambia hivyo wote. Alimwambia hata Nyabenda,
ambaye kidevu na kifua vimeshapatana.

Zamu yangu ya upatu imefika juzi.
Nimelipa ada, nimelipa deni la chumvi,
zimebaki elfu kumi na mbili
zisizodaiwa na mtu.

Wa kwanza: dhahabu ya kuchovya, mrefu, wa kung'aa.
Kiooni nikawa mke wa mkubwa fulani,
nimesimama wima kama picha ya kitambulisho.
Lakini mimi sisimami wima.
Alfajiri nipo Kibirizi, nimejikunja mara mbili,
nawageuza dagaa, nawatenga na mchanga.
Basi nikainama, palepale dukani.
Mkufu ukatangulia sakafuni,
ukazoa vumbi, ukanasa kidoleni, kwenye kandambili.
Feza akacheka hadi akakaa.

Wa pili, shanga nyekundu za kubana koo.
Nikaita, "Dagaa wakavu! Njoo na chombo!"
Sauti ikatoka nusu,
ya jogoo aliyeshikwa shingo.
Fundi saa akachungulia, kioo chake kikiwa bado jichoni,
akauliza nani anachinjwa.

Wa tatu ulinitia tamaa, sifichi.
Kidani cha shaba, chapana, chenye umbo la jani.
Nikampakata Butoyi wa hewa
(wa kweli yupo kwa bibi,
ana meno manne na mkono mrefu kuliko umri wake),
nikaona atakavyokivuta mpaka nione nyota mchana.
Nikashuka kama niendaye sijda:
kidani kikagusa chini kabla ya paji langu.
Hapana, rafiki. Hapo
sitanguliwi na shaba.

Mama yangu, Mwavita wa Ujiji,
alikuwa na mkufu wa fedha safi.
Uliishi ndani ya kopo la maziwa ya unga,
umelazwa juu ya pamba kama mgonjwa.
Ulitoka kwa arusi nne. Nilizihesabu.
Ya tano ilipofika, mama alikuwa ameshavaa nyeupe
isiyo na mifuko wala kishikizo.
Sasa upo kwa kaka yangu, Kasulu.
Amebadili kopo tu.

"Feza," nikasema, "nipe wa kufanyia kazi."
Akafikiri. Akafungua droo ya nyuzi.
Ushanga mwembamba, wa bluu iliyokolea, unaofika mtulinga
na kuishia hapo, bila maneno mengi;
katikati punje moja nyeupe,
maana bluu zilimwishia.
Uzi wake ni nailoni ya kushonea nyavu.
Vidole vyangu viliujua kabla yangu:
ukikatika, nitaufunga mwenyewe, gizani, nikiongea na mtu.

Nikainama. Ukakaa.
Nikaita dagaa. Nikaenda sijda.
Nikajitwisha ndoo isiyokuwepo, nikageuka kumtukana
anayepunja mizani. Ukakaa.

Alitaka elfu nne.
Nikampa tatu na mia tano, na ahadi ya kilo ya dagaa
ambayo sote tulijua ni nusu.
Zilizobaki nimezificha mahali,
hata shairi hili halijui.

Wiki tatu zimepita. Umeonja jasho, mawese,
magamba ya migebuka, mate ya Butoyi.
Jana usiku nikihisi kitu shingoni nikadhani mdudu,
nikakaribia kujipiga kofi.

Na leo nimepita Mwanga.
Mlangoni kwa Feza bibi arusi mtarajiwa,
kucha ndefu, shangazi wawili nyuma yake,
ameshika ule mrefu wa kuchovya, anajitazama.
Nikamsikia Feza, kwa sauti ya mtu aliyesomea:
"Sawa, umependeza. Inama kwanza."