Glisirini

Mashine ya getini imekataa kidole changu tena.
Naweka cha shahada, inalia. Naweka gumba, inalia.
Masalu mlinzi ananiambia, "Dada, leo wewe hupo,"
nami nimesimama mbele yake, buti mkononi.

Miaka sita ya barafu na maji ya klorini,
miaka sita nachuna minofu ya sangara:
ngozi imepasuka kama jaruba mwezi wa tisa,
mistari niliyozaliwa nayo imefutika.
Na ziwa liko hapo, nyuma ya ukuta wa kiwanda.
Ajabu, mtu kukaukia kando ya ziwa.

Nyanzobe, tunayesimama naye meza moja,
kanielekeza kwa mama mmoja pale Mlango Mmoja
anayepima glisirini kwa kifuniko cha soda.
Nzito. Haina rangi, haina haraka.
"Usijipake hivihivi," akasema, "ina kiu hiyo.
Ikikosa maji hewani, itayachota kwako.
Ipe maji kwanza."
Nikauliza inatoka wapi.
"Kwenye mafuta. Wakipika sabuni, ndiyo inayobaki.
Hii ya mbegu za pamba."

Sijui kama ni kweli. Wauzaji husema mengi.
Ila nilibaki pale na kichupa changu
kama mtu aliyeitwa jina la nyumbani.

Mama, Milembe, alivuna pamba Kwimba,
makaka makavu yakimchana pembeni mwa kucha.
Tulilipwa karatasi, karatasi ikasubiri,
mbegu zikaenda zao bila kuaga.
Jioni alijipaka samli, ikiwepo.
Isipokuwepo, alikunja ngumi tusione.

Saa nne usiku, Igogo:
matone matatu ya glisirini,
sita ya maji ya ziwa, yaliyochemka yakapoa.
Kidole kimoja kimoja.
Inawasha kwenye nyufa.
Halafu haiwashi.

Muujiza sina. Jumatatu mashine ililia.
Jumanne ikalia.
Wiki ya tatu, Alhamisi, ikalitambua gumba,
la kushoto tu,
ikatoa taa ya kijani.
Masalu akacheka: "Kumbe upo!"

Jumapili nampelekea mama kichupa.
Nitamwambia, mbegu yako hii, imerudi.
Atauliza bei.
Nikimtajia, atanyamaza,
kisha atanipa mkono, kiganja juu.