Barua za Kazi, Ngara

Shilingi thelathini ukurasa, kuchapa na kusahihisha.
Sentensi ya kwanza vidole vyangu vinaijua:
Nimevutiwa sana na sifa njema za kampuni yenu.
Hapo mteja husita, hunisogelea,
na sifa zenyewe hutoka kwa mnong'ono.

Nthenya, stashahada mbili,
anataka geti linalofunguka saa kumi na moja kamili:
chekechea ya Pangani humtoza faini kila robo saa.
Halkano hajali saa, hata usiku atafanya.
Anataka mahali ambapo jina lake
halitaulizwa mara tatu, na kitambulisho kugeuzwageuzwa
kama noti ya bandia.

Fundi Okumbe, miaka hamsini na miwili,
aliniuliza kama kuna namna ya kuandika
mlipeni mtu tarehe ileile kila mwezi
bila kuonekana mlalamishi.
Tulijaribu mara nne. Tukaishia na "uthabiti".

Na yule kijana wa miwani, jina sikulishika,
aliyetaka bosi anayejua kusema samahani.
Nilicheka. Akanitazama. Nikaacha.

Nachapa: napenda changamoto.
Hakuna aliyewahi kuniambia anapenda changamoto.

Jumanne akaja Bi. Nyaguthii,
mwenye kiwanda cha sabuni kule Lunga Lunga,
na tangazo la kubandika:
Sisi ni familia. Tunatafuta wenye njaa ya mafanikio.
Watu hawakai, alilalama,
wanaingia Jumatatu, Alhamisi simu zimezimwa.
Nikamuuliza, vidole vikiwa hewani:
Mshahara hutoka lini?
Tarehe ishirini na nane. Haijawahi kupita.
Choo cha wanawake?
Viwili, vina makomeo.
Geti?
Saa kumi na moja. Nami nina mama mgonjwa nyumbani.
Chakula?
Githeri, Ijumaa chapati. Lakini hayo si ya kuandikwa!

Nilifuta familia. Nikafuta na njaa;
mji huu njaa haiitwi kwa tangazo.
Nikaandika tarehe, komeo, geti, chapati.
Akasoma, akakunja uso:
"Linasomeka kama umbea wa jikoni."
Akalipa hata hivyo. Akachukua nakala kumi.

Nilikuwa nimechapa kumi na moja.
Iko chini ya kibodi, imekunjwa mara mbili.
Mwenye duka hili hulipa akikumbuka.